Tulivyorudisha Dengu Unyasenga

Tangu nirudi Tanga kila anayepita kibarazani kwangu ananiuliza mambo mawili: mama yuko wapi, na dengu ziko wapi. Nimeshachoka kumweleza kila mtu peke yake huku chai ikipoa. Nawaandikia wote mara moja, na mkiona nimekasirika mahali fulani, jueni sijaongeza chumvi. Nimepunguza.

Kwa wasiojua, mama yangu, Mama Zena, amezaliwa Unyasenga, kijiji cha Wanyaturu kilicho chini kule mbugani, upande wa Ihanja, mkoani Singida. Kijiji chenyewe ni kidogo, lakini dengu zake watu wanazijua. Si zile dengu kubwa za kukaanga na kutafuna. Hizi ni ndogo, bapa kama kifungo cha shati la mtoto, za kijivu zenye madoa meusi. Hupandwa mvua zinapokaribia kuisha, kwenye udongo mweusi ulioshiba maji, na zikipikwa hazivurugiki wala hazihitaji nazi. Kila mwaka mama mdogo Mwajabu, mdogo wake mama aliyebaki kijijini, alikuwa akituletea mzigo kwa basi.

Miaka miwili iliyopita mama aliugua tumbo, daktari akamkataza jamii ya kunde. Mzigo wa mwaka ule ukabaki kwenye ndoo yenye mfuniko, umechanganywa na majivu, ndoo ikasahaulika chini ya kitanda. Mwaka uliofuata mzigo haukuja. Mwaka huu mama mdogo alipiga simu akasema, "Dada, usiningojee tena. Mbegu imekwisha. Kijiji kizima hakuna."

Nilimuuliza mama kulikoni. Aliinama, akavuta ndoo kutoka uvunguni, akaanza kuipangusa vumbi. Nikajua tunasafiri.

Tanga hadi Dodoma: ndoo mapajani

Kondakta wa basi alitaka ndoo iingie kwenye buti pamoja na magunia ya dagaa na madumu. Mama akakataa. Kondakta akasema mzigo haupandi juu, ni sheria ya kampuni.

"Kama ni sheria, sawa," mama akasema. "Basi nifungulie na mimi nilale humo humo na ndoo yangu."

Alikuwa amekwishainama kwenye mlango wa buti, mwanamke wa umri wake, na kanga yake safi. Abiria wakaanza kupiga kelele. Kondakta akaona aibu, akatuachia tupande. Lakini si kwamba aliishia hapo. Njia nzima alikuwa akimwita mama "Bibi Ndoo," na kila kituo aliwaambia abiria wapya, "Huyu anapeleka dengu Singida." Watu wanacheka. Jirani yetu wa kiti, bwana mmoja mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya basi, alinigeukia akaniambia kwamba Singida ni alizeti na kuku, dengu hajawahi kuzisikia, na kwamba wazee wakifika umri huo inabidi watoto muwe na msimamo. Alisema hivyo mama akiwa katikati yetu, amekaa, anasikia kila neno.

Nilimwambia, "Kaka, huyo ni mama yangu, na masikio yake ni mazima." Akanyamaza mpaka Morogoro. Kisha akaomba karanga zetu.

Kintinku: gari linakuja

Tuliipita Dodoma salama. Baada ya Bahi kitu kikaanza kugonga chini ya sakafu, na Kintinku gari likazima kabisa. Dereva akashuka, akaangalia, akasema gia boksi. Kondakta akatutangazia kwamba gari jingine linakuja, limeshatoka Dodoma, tusiende mbali.

Tuliambiwa hivyo jua likiwa juu. Tuliambiwa hivyo tena jua likiwa limeelekea magharibi. Mara ya tatu nilimfuata nikamuuliza, "Hilo gari lililotoka Dodoma linakuja kwa magoti?" Akaniambia nisilete siasa. Baadaye tukagundua kwamba hakuwa amempigia mtu yeyote. Simu yake haikuwa na chaji. Aliyepiga ni mwalimu mmoja wa Manyoni, abiria mwenzetu, na jibu alilopewa ni kwamba ofisini hawana habari kama basi lao limeharibika.

Nisiwadanganye, Kintinku yenyewe haikuwa na kosa. Mama mmoja wa Kigogo, anaitwa Mama Chiku, alikuwa na jiko lake pembeni ya barabara. Alitupa ugali wa uwele na mlenda, ugali mweusi na mzito. Mimi wa pwani nilishindwa namna ya kuushika, mlenda ukanivutika kuanzia sahani mpaka kidevuni. Mama Chiku akanitazama kwa huruma, akaniletea kijiko. Mama akamwambia kirudishwe, kwamba mtoto wake si mgonjwa. Wakacheka wote wawili kwa gharama yangu.

Mama Chiku ndiye aliyetulaza. Chumba chake kimoja alitupa sisi, yeye akalala kwa jirani. Asubuhi likaja basi jingine, na kondakta wa hilo naye akaitazama ndoo. Kabla hajafungua mdomo, abiria wote tuliolala Kintinku tukamwambia kwa pamoja, "Inapanda." Hata bwana wa miwani ya jua alisema. Hapo ndipo nilipomsamehe karanga zangu.

Singida mjini: jina kwenye pakiti

Singida tulifikia Mwankoko, kwa Hamisi, mtoto wa binamu yake mama. Hamisi alikuwa kazini. Mkewe, Pili, alitupokea kama vile alikuwa amekaa mlangoni tangu jana yake. Shikamoo ya magoti, maji ya moto ya kuoga, kitanda chenye shuka mpya. Mama alijinyoosha, usingizi ukamchukua hapo hapo. Mimi nikaenda mjini kuuliza magari ya Ihanja.

Nilipokuwa narudi niliingia duka moja kubwa la vyakula kununua sukari ya kumpelekea mama mdogo. Kwenye rafu nikaona pakiti za plastiki, zimepangwa vizuri, zimechapwa picha ya mwanamke amebeba ungo. Zimeandikwa: Dengu Halisi za Unyasenga.

Nilisimama pale kama mtu aliyeona jina la marehemu kwenye orodha ya waliofaulu. Nikachukua pakiti, nikaigeuza. Ndani dengu kubwa, nyeupe zenye ukijani, hazina doa hata moja.

Nikamuuliza muuzaji, kijana aliyevaa nadhifu, "Hizi zimetoka wapi?"

"Unyasenga, dada. Si zimeandikwa?"

"Dengu za Unyasenga ni ndogo, zina madoa."

"Hizo ni za zamani. Hizi ndizo zilizoboreshwa."

"Zimelimwa Unyasenga?"

"Mimi nauza tu, dada. Anayeleta ni mnunuzi mmoja, ana ghala Ikungi. Lakini zinapendwa sana kwa sababu ya hilo jina."

Niliirudisha pakiti rafuni. Mama mdogo wangu anasema hakuna hata punje kijijini, na huku jina la kijiji chake linauzwa likiwa na picha ya mwanamke ambaye hata ungo hajui kuushika; alikuwa ameukumbatia kama mtoto.

Nilitembea mpaka Mwankoko nikipanga maneno ya kumwambia mama. Sikuyatumia. Nilipofika uani nilikutana na harufu. Niliijua kabla sijaona kitu: harufu ile ya dengu zetu, ya udongo uliolowa na kitunguu. Kwenye jiko la mkaa kulikuwa na sufuria kubwa. Pili alikuwa anakoroga, amefurahi.

"Wifi, umerudi. Nimewapikia dengu zenu. Zilikuwa na majivu mengi, nimezichambua na kuziosha mara tatu. Nimewaita na majirani waje waonje."

Nikaikimbilia ndoo. Ilikuwa imebaki chini ya nusu.

Sijui nilisema nini. Pili anasema nilipiga kelele hadi kuku wakaruka ukuta. Najua nilimuuliza ni mtu gani anafungua mzigo wa mgeni bila kuuliza, na najua aliacha mwiko ndani ya sufuria, akafunika uso kwa kanga. Maskini, alidhani ni zawadi. Mgeni akija kutoka mbali na ndoo ya chakula, akaiacha jikoni, wewe ungedhani ni nini? Na mimi ndiye niliyeiweka jikoni, kwa sababu chumbani palikuwa na joto. Lakini wakati ule hayo sikuyataka.

Mama akatoka na kuangalia ndoo. Akaangalia sufuria. Akavuta kigoda, akakaa.

"Pili, mwanangu," akasema. "Umetia chumvi?"

"Bado, mama."

"Usitie sasa, zitakuwa ngumu. Ngoja ziive. Halafu tuletee sahani."

"Mama!" nikasema. "Ni mbegu hizo."

"Zilikuwa mbegu. Saa hizi ni mboga. Unataka nizichukue humo nikazipande?"

Majirani wakaja. Tukala. Na hapa niwaambie kitu kilichoniudhi kuliko vyote: zilikuwa tamu. Pili ana mkono mzuri, na dengu zile, baada ya miaka miwili gizani, hazikuwa zimepoteza kitu. Kila kijiko nilichomeza niliona kipande cha shamba kinaingia kooni. Bibi mmoja jirani, Mnyaturu mwenye meno machache, alionja, akaacha kutafuna, akamuuliza mama kitu kwa Kinyaturu. Mama akaitikia kwa kichwa. Bibi yule akalia, machozi yakadondokea ugali, na akaendelea kula huku analia. Pili alipoelezwa kwamba bibi hakutarajia kuzila tena dengu zile, alisukuma sahani yake. Mama akairudisha mbele yake na kumwambia amalize.

Ihanja hadi mbugani

Kutoka mjini hadi Ihanja hakuna la kusimulia, ila Pili alitusindikiza mpaka stendi na kubeba ndoo kichwani mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse. Ihanja tulikaa sana. Magari hayakuwa yanateremka mbugani kwa sababu ya matope, na waliokuwa tayari kutubeba kwa pikipiki walimtazama mama, wakatazama njia, wakakataa. Mwishowe tukapata tela la trekta lililokuwa linapeleka mabati. Tulikaa juu ya mabati. Mama alikumbatia ndoo, mimi nikamkumbatia mama, na dereva, bwana anayeitwa Ntandu, akawa anatupigia hadithi kwa sauti ya kushinda injini.

"Unyasenga mnakwenda kwa nani?"

Nikamwambia.

"Mama Mwajabu. Yule bado anampinga mnunuzi. Wenzake tumechoka."

Na yeye kumbe ni wa Unyasenga. Ndiye aliyetueleza mambo yalivyokwenda. Misimu miwili nyuma mnunuzi alikuja na magunia ya dengu nyeupe, akawaambia soko halitaki tena ndogo zenye madoa, zinaonekana chafu. Atakayepanda nyeupe atanunuliwa zote, atakayeleta za madoa arudi nazo nyumbani. Watu wakapanda nyeupe. Lakini zile hutoa maua kwa kuchelewa. Udongo wa mbuga ukakauka, ukapasuka nyufa za kutosha kuingiza mguu, maua yakapukutika. Hakukuwa na mavuno. Njaa ikaingia, na watu wakala walichokuwa nacho ndani. Walikula mbegu ya madoa.

"Na mnunuzi?" nikauliza.

"Alisema ni mvua ya Mungu."

"Mnajua anauza dengu mjini kwa jina lenu?"

Ntandu alizima injini katikati ya tope. Akageuka. "Kwa jina letu?"

Nikamweleza pakiti, picha na ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawasha trekta.

Unyasenga

Mama mdogo Mwajabu hakukimbia kutupokea. Alisimama shambani na jembe, akamwangalia dada yake akishushwa kwenye tela, kisha akakaa chini kwenye tope. Mama akamfuata huko huko. Waliongea Kinyaturu, mimi nimesimama pembeni na viatu mkononi.

Tulichinjiwa jogoo. Tukapikiwa wali. Watu wakaja kumsalimu mama, shikamoo mpaka mdomo ukakauka kuitikia. Ndoo ikazungukwa. Mzee mmoja alitia mkono, akachota punje chache, akazinusa na kuzirudisha moja moja. Lakini wengine hawakufurahi. Mama mmoja alisema wazi kwamba hizi zitagombanisha kijiji na mnunuzi, na mbolea nani atawakopesha. Nilitaka kumjibu. Mama mdogo akanibana mkono.

Na mnunuzi mwenyewe alikuja kesho yake. Habari ilikuwa imeshafika Ikungi, sijui kwa mdomo wa nani. Alikuja na gari refu la magurudumu makubwa, bwana mpole, kofia mkononi, akaamkia wazee wote kwa adabu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu mwenye kelele. Upole ule ulinikera zaidi.

"Mama, nimefurahi sana kusikia umeokoa mbegu," akamwambia mama. "Niachie mimi. Nina shamba la kumwagilia, nitaizalisha, halafu nitawaletea wananchi. Hapa itapotea. Mbuzi, ndege, njaa, unajua mwenyewe."

Nikamuuliza kuhusu pakiti. Hakukana.

"Dada, jina ni biashara. Wateja wanalipenda jina. Mimi nimelitangaza Unyasenga mpaka Arusha. Hawa wangelitangaza vipi?"

"Umewauliza?"

"Niliwapa mbegu bure."

"Mbegu iliyowalaza njaa."

"Hiyo ni hali ya hewa."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mwanangu," akamwambia, "wewe umewahi kula dengu za hapa?"

Yule bwana akatabasamu. "Kusema kweli, mama, mimi tumbo langu haliendani na dengu."

Ntandu, aliyekuwa ameegemea trekta lake, alisogea akasimama kati ya bwana yule na ndoo. Hakumtukana, hakumgusa. Alimwambia tu kwamba njia ya kurudi itaharibika mvua ikianza, afadhali aondoke mapema. Yule mama aliyehofia mbolea alikuwa wa kwanza kumfungulia mlango wa gari.

Baada ya hapo mimi nilidhani mbegu itapandwa kwa mama mdogo, izungushiwe miiba, ilindwe. Mama akaleta kikombe cha bati. Akaanza kugawa, kikombe kwa nyumba, kwa kila aliyekuja, hata kwa mama yule wa mbolea. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama, zilizobaki ni chache, na unawapa hata wasiozitaka?"

"Zikiwa kwa Mwajabu peke yake, akija mbuzi mmoja zimekwisha. Zikiwa kila mahali, mbuzi atachoka."

"Na wakizila?"

"Watazila," akasema. "Baadhi yao."

Kwa Ntandu alimimina kikombe na nusu. Ndoo ikainamishwa, ikagongwa kitako, majivu yakatoka.

Kurudi

Jioni ile tulikaa watatu jikoni. Mama na mdogo wake walizungumza sana kwa Kinyaturu, na mara kwa mara walinigeukia, wakaniuliza kitu kwa macho. Mimi, kwa adabu, nilikuwa naitikia kwa kichwa. Nilidhani wanauliza kama nimeshiba.

Asubuhi nilifunga mizigo yetu miwili. Mama alikuwa amevaa nguo za shamba.

"Trekta linaondoka, mama. Hujabadili nguo."

"Mimi siendi," akasema. "Si tulikuuliza jana ukakubali?"

Nilibishana. Nilitaja dawa zake, nilitaja kliniki, nilitaja umri. Mama mdogo akasema zahanati ipo Ihanja na Ntandu ana trekta. Nikasema kwamba sikuelewa, kwamba kukubali kwangu kulikuwa kwa shibe. Mama akaniambia hiyo nayo ni kukubali. Nilipanda tela nikiwa nimenuna, sikuaga sawasawa. Njia nzima hadi Tanga nilikaa na kiti kitupu pembeni. Hakuna kondakta aliyenisumbua, na hilo nalo liliniudhi.

Kwa hiyo, majirani zangu, dengu sikuleta. Yeyote atakayeniuliza tena nitamwonyesha njia ya kwenda kuzilima. Na mkiona pakiti sokoni yenye picha ya mwanamke amekumbatia ungo, msiniambie mmenunua.

Juzi nilimpigia mama. Simu ililia sana kabla hajapokea. Nikamuuliza kama anakunywa dawa. Akasema nyumba mbili wamezila mbegu, moja imepanda vibaya, kwa mama wa mbolea zimeota vizuri kuliko kwa Mwajabu, na Mwajabu amenuna. Nikamuuliza tena kuhusu dawa.

"Zena, nipigie jioni," akasema, anahema kama anakimbia. "Kuna mbuzi hapa."

Akakata simu.